Uwanja wa gofu msimu wa masika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, wasimamizi wa viwanja, manahodha wa klabu na hata wachezaji wa kawaida huuliza maswali yaleyale, na mengi huulizwa maji yakiwa yameshatuama. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Nimelenga viwanja vya nyanda za juu kama Nairobi, Limuru na Arusha, na vya pwani kuanzia Kilifi hadi Dar es Salaam; penye tofauti nimeeleza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: masika usihangaike kuotesha nyasi, zitaota zenyewe. Hangaika kuondoa maji, kuingiza hewa kwenye udongo, na kuwazuia watu na mashine wasiumize ardhi iliyolowa.

Kazi za masika zianze lini?

Februari. Nairobi na Dar es Salaam mvua hufikia kilele Aprili, Mombasa hufikia Mei, kwa hiyo mtu wa pwani ana wiki chache za ziada, lakini asizichezee. Ukingoja mawingu yatande ndipo uzibue mitaro, umechelewa. Ardhi ikishalowa, trekta haipiti bila kuacha makovu yatakayoonekana hadi Septemba.

Kazi ya kwanza haina gharama: zunguka uwanja mzima na makedi (wabeba mifuko ya wachezaji) wawili watatu wa siku nyingi. Wanapita kila shimo mara nyingi kuliko mjumbe yeyote wa kamati, na wanajua maji yanaanzia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka na vigingi uweke alama ukingo wa kila dimbwi, upige na picha kwa simu kabla maji hayajanywea. Picha hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yako siku kamati itakapoketi kugawa fedha.

Kisha fungua makalvati, toa majani na mchanga kwenye mashimo ya kukusanyia maji, noa visu vya mashine zote, na agiza mchanga mapema, kwa sababu barabara za machimboni zikiharibika bei hupanda na malori hayaji.

Mbona grini moja (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la kuingizia mpira) inakauka saa moja baada ya mvua, na nyingine ina dimbwi hadi jioni?

Jibu liko chini, kwenye ujenzi. Grini za kisasa nyingi hufuata mfumo ambao chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilianza kuupendekeza mwaka 1960: juu kuna sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa, chini yake sentimita 10 za kokoto, na chini kabisa mabomba yenye matundu. Maji hushuka moja kwa moja na kutoka. Viwanja vyetu vingi ni vya zamani zaidi ya hapo. Klabu ya Entebbe ilianza 1901, Royal Nairobi 1906, Mombasa 1911. Enzi hizo palipokuwa na shida ya nyasi watu walisukumia mpira shimoni kwenye mchanga uliomwagiwa mafuta, na grini za nyasi zilipokuja, nyingi zilijengwa kwa kukusanya udongo uliokuwepo na kuuinua. Udongo huo hauna mahali pa kupeleka maji.

Fanya hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Grini ya mita za mraba 500 ikipigwa na mvua ya milimita 40 imepokea lita 20,000 mchana mmoja. Kama hayashuki na hayatiririki pembeni, yatakaa palepale kwenye mizizi.

Ukitaka kujua hali ya grini yako, chukua kifaa cha kutobolea mashimo, kata kinyungu, yaani kipande cha mviringo cha nyasi na udongo wake, ukitoe kizima na ukilaze juu ya gunia. Kitazame kuanzia juu kwenda chini. Kwanza utaona nyasi hai, kisha tabaka la kahawia la nyasi mfu zinazobonyea, kisha mchanga au udongo. Angalia mizizi nyeupe imefika wapi. Ikiwa imeishia sentimita tatu au nne, na chini yake kuna mstari mweusi unaonuka yai viza, udongo umekosa hewa kwa muda mrefu na mbolea yoyote utakayoweka juu ni kazi bure. Tatizo hilo hutatuliwa kwa kutoboa, kuongeza mchanga na kutengeneza njia ya maji.

Mtaro wa chini ya ardhi unachimbwaje?

Anza na mahali maji yatakapotokea, si mahali yalipotuama. Mtaro usio na pa kumwagia ni bwawa refu tu. Ukishapata pa kumwagia, vuta kamba na upime mwinamo: walau mita moja ya kushuka kwa kila mita 100. Kwenye fewei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea grini, kina cha sentimita 45 hadi 60 kinatosha. Tandaza kokoto safi kidogo chini, laza bomba la plastiki lenye matundu la milimita 100, jaza kokoto hadi karibu na juu, kisha malizia kwa mchanga mzito wa mtoni. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kurudisha juu udongo uleule uliochimbwa. Udongo huo unaziba kila kitu, na mwaka unaofuata watu wanalaumu bomba.

Kabla ya kuweka bomba lolote, tazama kama kuna njia rahisi zaidi. Madimbwi mengi kwenye fewei yanatokana na maji yanayoshuka kutoka kilimani, barabarani au kwenye paa la jengo la klabu. Mfereji wa wazi na tuta dogo juu ya mteremko, lililopandwa nyasi ya vetiva ili lisibomoke, huyageuza maji hayo kwa gharama ndogo sana.

Uwanja wetu uko kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Tufanyeje?

Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo bomba hupinda, viungo huachana na mwinamo hupotea. Ningeweka nguvu zaidi juu ya ardhi: mifereji ya wazi yenye kingo za kulala zinazokatika kwa mashine, na fewei zilizoinuliwa katikati ili maji yakimbilie rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni. Kisha weka mchanga kidogo kidogo kila mwaka kwenye njia kuu ya wachezaji. Baada ya miaka kadhaa unapata tabaka la juu linalokanyagika hata mvua ikinyesha. Ni mradi wa subira, na klabu inayobadilisha mpango kila inapochagua nahodha mpya haitaumaliza.

Grini zitobolewe kabla ya mvua, wakati wa mvua, au baada yake?

Utoboaji mkubwa, ule wa kutoa vinyungu kwa misumari yenye uwazi ya milimita 12 hivi na kina cha sentimita 7 hadi 10, napendelea ufanyike mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nyasi bado zina jua, mchanga mkavu unajaza matundu vizuri, na mvua za kwanza zinaponya majeraha. Nyanda za juu sababu hii ina uzito zaidi, maana ukiahirisha hadi Juni unakutana na baridi na mawingu ya Julai, na matundu hubaki wazi kwa wiki nyingi.

Najua ugumu uliopo. Mashindano ya gofu ya Kenya Open, yanayochezwa tangu 1967, kwa miaka ya karibuni yameangukia Februari au Machi, na hakuna anayetoboa grini kabla ya mashindano makubwa. Klabu mwenyeji ina haki ya kuchelewa. Klabu nyingine zisiige ratiba hiyo kama si wenyeji wa chochote.

Mvua ikishaanza, tumia misumari mizima isiyotoa udongo, myembamba, kila wiki mbili au tatu. Matundu yake hayaonekani baada ya siku mbili na hayasumbui mpira, lakini hewa inaingia na maji yanashuka. Klabu isiyo na mashine itumie uma wa bustani: uzamishe, uuvute kidogo kuelekea kwako, uutoe, sogea sentimita 10, rudia. Watu wanne wanamaliza sehemu mbovu ya grini kwa asubuhi moja.

Mchanga gani unafaa kuwekwa juu ya grini?

Mchanga wa mtoni uliooshwa, wenye chembe nyingi kati ya robo milimita na milimita moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na vipande vya kombe na matumbawe ndani yake ni chokaa. Mchanga wa kujengea ukitoka moja kwa moja kwenye lori huwa na udongo wa mfinyanzi na mawe. Jiwe dogo moja linatosha kuvunja makali ya kisu kipya.

Jaribio hili lifanye mbele ya dereva kabla hajamwaga. Jaza nusu ya chupa ya plastiki angavu kwa mchanga, ongeza maji hadi karibu na mdomo, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke chini isiguswe. Mchanga utatua ndani ya dakika moja. Baada ya saa kadhaa tazama tabaka laini lililotulia juu yake. Likiwa utando tu unaokaribia kutoonekana, pokea mzigo. Likiwa na unene wa kidole, mrudishe na lori lake, kwa sababu tabaka hilo ndilo litakaloziba grini yako.

Kiasi: unene wa milimita moja kwenye grini ya mita za mraba 500 ni nusu mita ya ujazo, yaani matoroli manane hivi. Weka kidogo, rudia mara nyingi. Mwaga mchana grini ikiwa kavu, sugua kwa brashi au zulia la kuburuta hadi uzame kati ya majani. Mchanga ukibaki juu ya nyasi zilizolowa huzisaga kila mtu anapokanyaga.

Tukate nyasi kwa urefu gani?

Pandisha visu kabla mvua haijakolea. Grini ya ukoka mseto iliyokuwa ikikatwa milimita 3.5 wakati wa jua ipelekwe 4.5. Mawingu yanapunguza mwanga, na jani fupi halina eneo la kutosha kutengeneza chakula. Fewei zibaki milimita 12 hadi 15. Na popote pale usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Mvua ikikuzuia wiki nzima na nyasi ya kikuyu ikapanda hadi magotini, ishushe kwa awamu, ukiacha siku mbili tatu katikati. Ukiikata hadi chini kwa pupa utaona vikonyo vyeupe vitupu, na hapo ndipo magugu huingia.

Visu viwe vikali. Kwa mashine ya silinda, pitisha kipande cha gazeti kati ya silinda na kisu cha chini, kisha zungusha kwa mkono taratibu ukiwa umeshika mbali na makali na injini imezimwa. Karatasi ikatike safi katika urefu wote wa kisu. Mahali inapokunjwa bila kukatika, ndipo nyasi zako zinapochanwa, na ncha iliyochanwa ni mlango wa ukungu.

Tumia mashine ndogo ya kusukuma badala ya ile kubwa ya kukalia kila inapowezekana, na ule mzunguko wa mwisho wa ukingoni uruke mara moja moja. Ukingo hukanyagwa mahali palepale kila siku, na ndio wa kwanza kugeuka tope.

Mvua ikinyesha nyasi hugeuka manjano. Tuongeze mbolea?

Tafuta sababu kwanza. Nyasi zenye mizizi iliyozama kwenye maji huwa za manjano kwa kukosa hewa, na naitrojeni haitazisaidia. Kama udongo uko sawa na mvua imeosha virutubisho, lisha kidogo na mara nyingi: gramu 1 hadi 2 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Mbolea ya CAN ina naitrojeni asilimia 26 hivi, kwa hiyo grini ya mita za mraba 500 ukitaka kuipa gramu 2 utahitaji chini kidogo ya kilo 4. Pima kwa mizani. Kurusha kwa kukisia ndiko kunakoleta yale mabaka ya kijani kibichi na ya kuungua yanayokaa pamoja.

Usiweke mbolea kabla ya mvua kubwa. Itaishia kwenye bwawa lako, au kwenye mto wa jirani anayekunywa maji hayo. Ukitaka rangi kwa ajili ya mashindano ya wikendi, feri salfeti kidogo kwa bomba la kupulizia itakupa kijani bila kuzichochea nyasi zirefuke.

Wanachama wanalalamika grini ziko polepole. Tuwajibuje?

Waambie ukweli kwa heshima: masika grini zitakuwa polepole, na zinapaswa kuwa hivyo. Kasi hupimwa kwa kifaa cha inchi 36 alichobuni Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935: unaviringisha mpira kutoka kwenye mfereji wake na kupima umeenda futi ngapi. Grini inayotoa futi 7 au 8 mwezi wa Aprili, ikiwa na uso sawa na mizizi mizuri, ni grini yenye afya. Anayelazimisha 10 kwa kushusha visu kwenye ardhi iliyolowa anakopa kutoka Julai. Kupitisha rola nyepesi siku kavu hukupa kasi kidogo bila kukata. Usiipitishe siku ya mvua.

Tupande nyasi gani, na tupandeje?

Masika ndiyo nafasi bora ya kupanda, na hapa nina furaha ya kusema kwamba nyasi mbili kubwa za gofu ya maeneo ya joto zina asili Afrika. Kikuyu imetoka nyanda za juu za Afrika Mashariki. Leo fewei za klabu ya Riviera mjini Los Angeles zinajulikana duniani kwa nyasi hiyo. Ukoka mseto unaopandwa kwenye grini nyingi ulitokana na kuchanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba wa Afrika Kusini. Mtafiti wa nyasi Glenn Burton alifanya kazi hiyo huko Tifton, Georgia, na kutoka hapo ikapatikana Tifgreen mwaka 1956, Tifway 1960 na Tifdwarf 1965.

Kwa fewei za nyanda za juu, kikuyu tayari ipo na inajua kuishi. Itunze badala ya kupigana nayo. Kwa maeneo ya chini na yenye joto, ukoka. Kwa pwani penye maji ya chumvi, paspalamu, kwa sababu huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingine zote za gofu.

Ukoka mseto hauna mbegu zinazoota, unapandwa kwa vikonyo. Chimbua vikonyo asubuhi, vifunike kwa gunia lililoloweshwa, vipande siku hiyohiyo. Kikonyo kilichokaa juani mchana mmoja kimekufa hata kama bado ni kijani. Vilaze kwenye mifereji ya kina cha sentimita 3 hadi 5 iliyoachana sentimita 15, fukia ukiacha ncha zichungulie, kanyagia au pitisha rola. Panda mvua zikiwa zimetulia, si wakati wa dhoruba zinazosomba. Hali ikiwa nzuri ardhi hufunikwa ndani ya miezi miwili au mitatu.

Kikuyu ikiingia kwenye grini ya ukoka, usingoje. Kata ukingo kwa sepetu yenye makali kila wiki, kina cha sentimita 10, na toa kwa mkono kila kikonyo kilichovuka.

Tumeona fewei imeliwa usiku mmoja. Ni nini?

Karibu hakika ni viwavijeshi. Nondo wake husafiri na upepo unaoleta mvua, hutaga mayai kwa maelfu, na viwavi vyeusi hula nyasi za aina ya ukoka na kikuyu kama wanavyokula mahindi ya mkulima. Wakiwa wadogo hawaonekani. Wakiwa wakubwa wanamaliza fewei kabla hujapata saini ya kununua dawa.

Tazama ndege. Yangeyange na korongo wakijikusanya ghafla mahali pamoja kwenye nyasi fupi, nenda ukaangalie siku hiyohiyo. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita tano za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, kisha chutama usubiri dakika chache. Kama wapo, watapanda juu wakijinyonganyonga. Pulizia jioni, kwa kuwa wanakula zaidi usiku, na pulizia wakiwa bado wadogo. Wajulishe na majirani wenye mashamba, kwa sababu kundi hilo halijui mpaka wa klabu.

Tumia kiuatilifu kilichosajiliwa tu. Kenya usajili unafanywa na bodi ya viuatilifu, PCPB, Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Dawa ya magendo isiyo na lebo inaweza kuua samaki wa bwawa lote, na anayeipulizia bila glavu na barakoa ni baba wa watu.

Na ukungu?

Ukungu unahitaji jani lililolowa kwa saa nyingi. Punguza saa hizo. Asubuhi na mapema pitisha mwanzi mrefu unaonyumbulika juu ya grini, kulia na kushoto, ili umande uanguke. Ni kazi ya dakika chache kwa kila grini na ni dawa ya zamani isiyopitwa na wakati. Zima umwagiliaji wa usiku. Ukilazimika kutumia dawa, badilisha kundi lake kila mara, maana dawa moja ikirudiwa msimu mzima hufundisha ukungu kuizoea.

Ndago zinarudi kila tunapozing'oa. Kwa nini?

Kwa sababu unang'oa shina na kuacha kiazi chini. Shika shina kwa vidole viwili ulizungushe: likiwa na pembe tatu ni ndago. Zikiwa chache, chimbua na udongo wake hadi kina cha kiganja. Zikiwa nyingi, dawa zenye halosalfuroni huzipunguza bila kuua ukoka. Tena jiulize kwa nini ziko hapo. Ndago nyingi mahali pamoja huonyesha maji yanatuama.

Mabanka (mashimo ya mchanga ya kumzuia mchezaji) yanabomoka kila mvua. Tuyajaze mchanga tena?

Kurudisha mchanga ukutani baada ya kila dhoruba kutakula nguvu kazi yako yote. Kwanza zuia maji ya nje yasiingie, kwa tuta dogo la nyasi juu ya ukingo. Pili hakikisha bomba la chini halijazibwa. Mchanga uwe sentimita 10 hadi 15 chini na karibu 5 kwenye kuta. Ukuta mzito huteleza. Mchanga uliochanganyika na tope utolewe, usifukiwe na mpya juu yake. Na kama klabu ina mabanka ambayo hayamsumbui mchezaji yeyote isipokuwa mtunza uwanja, ninashauri yageuzwe nyasi. Kila banka linaloondolewa linawapa watu wako saa za kutunza grini.

Tufunge uwanja lini?

Simama kwenye grini karibu na shimo, hamisha uzito kwa mguu mmoja. Maji yakijitokeza kuzunguka kiatu, grini imefungwa. Hakuna mjadala, hata kama kuna wageni. Andaa grini za muda kwenye fewei tangu Februari, zikatwe chini taratibu, ili mchezo uendelee. Mashimo yahamishwe kila siku kwenye sehemu zilizoinuka, na kikombe cha ndani ya shimo kizamishwe walau milimita 25 chini ya uso wa grini.

Magari ya gofu yasitoke njiani mpaka fewei ikauke. Udongo uliolowa hushindiliwa vibaya kuliko mkavu, na gari moja lenye watu wawili linatosha kuacha alama. Mchezaji mwenye shida ya kutembea apewe utaratibu wake, wengine watembee.

Kwa upande wa mchezo, maji ya muda yanampa mchezaji nafuu bila adhabu chini ya Kanuni ya 16.1 ya gofu, na mpira uliozama kwenye alama uliyoichimba wenyewe ulipoanguka uwanjani, nje ya mchanga, unashughulikiwa na 16.3. Kamati inaweza pia kuweka kanuni ya mahali ya kuruhusu mpira kuinuliwa, kusafishwa na kuwekwa upya kwenye fewei. Ibandike ubaoni kabla raundi haijaanza, si katikati.

Radi je?

King'ora kikilia kila mtu anaondoka mara moja, wachezaji, makedi na wafanyakazi. Mti uliosimama peke yake si kinga. Ninachosisitiza ni wafanyakazi: mara nyingi wachezaji wameshafika klabuni huku mkata nyasi wa shimo la 14 hajasikia chochote kwa kelele ya injini. Mpe mtu jukumu la kuwafuata.

Grini yetu iliyo kando ya miti haikauki. Tukate miti?

Chunguza kivuli kwanza. Baada ya tarehe 21 Machi jua la mchana linahamia kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo kwa Nairobi, na zaidi kwa Arusha na Dar es Salaam, mti wa upande wa kaskazini ndio unaoitia grini kivuli kufikia Juni. Mti wa mashariki unazuia jua la asubuhi, lile linalokausha umande. Pogoa hiyo kabla ya kufikiria kukata. Mikaratusi iliyo karibu pia inanyonya maji na kupeleka mizizi kwenye grini. Chimba mtaro wa kuikata mizizi. Kukata mti kunahitaji kibali, kiombe mapema, na panda mingine mahali pasipo na madhara.

Pwani maji yetu ya kisima yana chumvi. Masika inatusaidia?

Sana. Mvua kubwa ndiyo maji safi ya bure yatakayosukuma chumvi ya mwaka mzima chini ya mizizi, lakini ikiwa tu udongo unapitisha maji. Toboa kabla, ongeza jasi kama vipimo vinaonyesha sodiamu nyingi, kisha iache mvua ifanye kazi. Wakati huohuo jaza mabwawa. Hakikisha njia ya kumwagia ziada iko wazi na imara. Masika ya 2024, yaliyoleta mafuriko makubwa Kenya na Tanzania, yalionyesha jinsi tuta dogo lisilo na njia hiyo linavyoweza kuondoka lote.

Uwanja ukifungwa, makedi wafanye nini?

Makedi hulipwa kwa raundi, na wiki mbili za mvua ni wiki mbili bila unga nyumbani. Klabu ina kazi nyingi zinazongoja mikono: kujaza vinyofu (mahali nyasi ziliponyofolewa na fimbo) kwenye tii, yaani sehemu ya pigo la kwanza, na fewei kwa mchanga na vikonyo, kung'oa kikuyu kwenye grini, kupanda vetiva, kuzibua mifereji. Wape kazi hizo kwa malipo ya siku, uwalipe jioni hiyohiyo. Kedi aliyejaza vinyofu mwenyewe ndiye atakayemwambia mchezaji arudishe kile alichokikata.

Fedha zetu zinatosha jambo moja tu mwaka huu. Tuchague lipi?

Chukua grini yenu mbovu kuliko zote, iwekee njia ya kutolea maji, itoboe, ipe mchanga mara kwa mara hadi mvua za vuli zikianza. Msigawanye fedha kidogo kwenye mashimo yote 18. Pimeni mizizi yake kwa kinyungu mwezi Machi na tena mwezi Oktoba, mwandike sentimita hizo kwenye daftari la uwanja, na ombeni fedha za grini ya pili mkiwa na daftari hilo mkononi.